Waliotembea Nuruni

Mwaka 1931 dresa mkuu wa hospitali ya misheni ya Gahini, kando ya Ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda, alitumwa Kampala. Aliitwa Yosiya Kinuka, mwenyeji wa Ankole. Yeye na daktari wake walikuwa wamechokana. Hospitali ilikuwa haiendi: wafanyakazi wananung'unika, kazi zinafanywa kwa kusukumwa, na Kinuka, ambaye ndiye mkubwa wa wahudumu wote Waafrika, alikuwa wa kwanza kununa. Daktari mwenyewe, Mwingereza kijana aliyeitwa Joe Church, hakuwa na dawa ya hali hiyo. Akaona heri ampeleke dresa wake kwa rafiki yake Simeoni Nsibambi, wakazungumze Mwafrika kwa Mwafrika.

Nsibambi alimpokea mgeni, akamuuliza habari za Gahini. Kinuka akaeleza yote yaliyokuwa yakimchoma: mambo yanavyokwenda ovyo pale kazini, nani mbaya na kwa nini. Nsibambi alimwacha amalize. Kisha akamwambia bila kuzunguka kwamba kama hospitali ile imeoza, imeoza kwa sababu dhambi imo ndani yake yeye Kinuka.

Ni neno gumu kumwambia mgeni ambaye bado anakula matoke yako. Kinuka hakulipenda. Lakini safari ya kurudi Rwanda ilikuwa ndefu, na njiani alishindwa kulijibu. Alipofika Gahini alikwenda kwa watu aliowakosea, mmoja mmoja, akaungama na kuomba msamaha. Wenzake walimtazama kwa wasiwasi, kama mtu anavyotazamwa akibadilika ghafla. Baada ya muda baadhi yao wakamfuata.

Uamsho wa Afrika Mashariki husimuliwa zaidi kwa makundi makubwa ya watu, nyimbo, machozi na mikutano ya maelfu. Mambo hayo yalikuwepo. Kwangu mimi kiini chake kiko pale Gahini, kwa mtu mmoja anayekwenda kwa mtu fulani, mwenye jina, na kumwambia jambo fulani, lenye jina. Pale desturi hiyo iliposhikwa, uamsho ulikuwa na nguvu ya kutisha. Pale ilipoachwa na kubaki maneno tu, uligeuka kitu kingine.

Turudi nyuma kidogo. Nsibambi alikuwa Mganda wa ukoo wa watu wakubwa, mwenye ardhi, na alikuwa na kazi serikalini katika idara ya afya. Wakati mmoja alitamani sana kwenda kusoma ng'ambo, akanyimwa nafasi hiyo, na uchungu wake ndio uliomfanya aanze kujiuliza ana nini cha kudumu. Kanisa la Uganda la miaka ya 1920 halikuweza kumjibu. Lilikuwa kanisa kubwa na lenye heshima, lenye machifu kwenye viti vya mbele. Ubatizo ulikuwa umekuwa sehemu ya kuendelea maishani, pamoja na shule na kazi ya ukarani. Watu waliimba Jumapili, na Jumatatu kila mmoja akarudi kwenye pombe yake, nyumba ndogo yake na hesabu zake za wizi. Wamisionari walilijua hilo. Wachungaji walilijua zaidi, maana wengine wao walikuwemo.

Mwezi wa Septemba 1929, Church alikuja Kampala kupumzika. Alikuwa amefika Gahini mwaka uliotangulia, akaangukia katika njaa kubwa iliyoua watu wengi sana upande ule wa Rwanda. Alikuwa amechoka mwili, na moyoni alikuwa mkavu. Pale Namirembe alimkuta Nsibambi amesimama karibu na pikipiki yake. Wakaanza kuzungumza, wakagundua kwamba wanatafuta kitu kimoja. Siku mbili wakakaa na Biblia, wakifuatilia aya zote zinazomhusu Roho Mtakatifu, Mzungu wa Cambridge na Mganda mwenye mali wakiwa wanafunzi sawasawa. Katika koloni la mwaka 1929, jambo hilo halikuwa dogo.

Church alirudi kazini. Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akaanza kuzunguka akiwauliza watu kama wameokoka. Aliwauliza wote, kuanzia machifu mpaka watunza bustani. Baadhi ya wamisionari walidhani amerukwa na akili, na mmoja wao alimlaumu Church kwa kumharibu. Baadaye afya ya Nsibambi ilimfunga nyumbani kwa miaka mingi, na watu wakawa wanamfuata kupata ushauri. Alifariki mwaka 1978. 

Ndugu yake mdogo, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1930 kituo kile kidogo kilikuwa na mchanganyiko wa hatari: madaktari Waingereza waliolelewa katika mafundisho ya Keswick kuhusu utakatifu, walimu Waganda waliojiona wamestaarabika kuliko wenyeji, Watutsi waliozoea kutawala, Wahutu waliozoea kutawaliwa. Kila kundi lilikuwa na la kusema kuhusu jingine, na lilisemwa nyuma ya mlango.

Mwishoni mwa Desemba 1933, baada ya Krismasi, kulikuwa na siku za mafundisho pale Gahini. Mafundisho yenyewe yalipita bila tukio. Siku ya mwisho, katika maombi, Mkristo mmoja alisimama na badala ya kuomba kwa maneno yaliyozoeleka akaanza kutaja dhambi zake. Mwingine akasimama kabla huyo hajaketi, kisha wawili kwa pamoja. Ilichukua zaidi ya saa mbili. Wanyarwanda ni watu waliofunzwa tangu utoto kuficha yaliyo moyoni mbele ya wengine, na ndiyo maana waliokuwepo hawakusahau siku ile.

Desturi iliyokua kutokana na hayo inafaa itazamwe kwa karibu. Ndugu, kama walivyoitana, walikutana kila wiki au hata zaidi, nyumbani kwa mtu au chini ya mti. Walisoma Biblia kidogo. Kisha mtu aliyekuwa na jambo alilileta nuruni, kwa maneno yao yaliyotoka katika Waraka wa Kwanza wa Yohana. Hakusema kwamba yeye ni mwenye dhambi kama wanadamu wote. Maneno kama hayo ndugu waliyaona ni njia ya kujificha. Alisema: nilimdanganya fulani bei ya mbuzi, nimekuwa nikimwonea wivu ndugu huyu aliyekaa hapa, nilimpiga mke wangu siku ya Jumanne. Wenzake walimsikiliza. Wakiona ameeleza yote kwa kweli, waliimba Tukutendereza Yesu, wimbo wa Kiganda ulioenea mpaka kwa watu wasiojua neno lingine lolote la Kiganda. Wakiona amekata nusu ya habari, hawakuimba. Walimuuliza.

Halafu ilibaki kazi ya kulipa. Aliyeiba alirudisha. Ng'ombe walirudishwa, na vifaa vya hospitali, na fedha za shirika, na madeni ambayo hata mdai alikwishayasahau. Maofisa wa serikali katika wilaya za mpakani mwa Uganda na Rwanda walijikuta wakiletewa fedha na watu waliotaka kukiri kosa ambalo hakuna askari aliyelijua. Nadhani kipengele hiki ndicho kilichofanya majirani wasiokuwa Wakristo wawaheshimu hata pale walipowaona ni wapuuzi. Mtu anaweza kulia kanisani bila gharama, lakini kuswaga ng'ombe mchana kweupe mpaka zizi la mtu uliyemwibia kuna gharama inayoonekana na kijiji kizima.

Tena ushirika ulivuruga ngazi za watu. Mwanamke alisimama na kusema makosa ya nyumba yake mbele ya wanaume, na mume akiwemo. Kijana alimwambia mzee, kwa heshima lakini waziwazi, kwamba maneno yake hayalingani na maisha yake. Wamisionari nao hawakuachwa. Waafrika waliwaambia kuhusu hasira zao, kuhusu namna wanavyokunywa chai peke yao, kuhusu kiburi cha rangi ambacho walikuwa hawajui kwamba kinaonekana. Baadhi ya wamisionari walikubali, wakaomba radhi hadharani, na Church alikuwa mmoja wa waliojifunza kufanya hivyo. Wengine waliona ni utovu wa adabu. Sioni haja ya kuwapamba hata wale waliokubali: walirudi jioni kwenye nyumba za mawe na wapishi wao. Hata hivyo, katika himaya nzima ya Waingereza ya wakati ule, sijui mahali pengi ambapo mweusi aliweza kumweleza mweupe dhambi yake usoni, na mweupe akashukuru.

Kigozi alikufa mapema. Alikuwa shemasi tayari, na mwanzoni mwa mwaka 1936 alijiandaa kuzungumza katika Sinodi ya Kanisa la Uganda. Alikuwa na hoja tatu: kwa nini kanisa limepoa, kwa nini wanaoishi dhambini waziwazi wanaachwa waijie Meza ya Bwana, na lifanyike nini ili kanisa liamke. Homa ya papasi ilimwua mwezi wa Januari, kabla ya Sinodi. Neno alilokuwa akilihubiri, Zuukuka, yaani amka, likachukuliwa na Kanisa la Uganda kwa misheni ya kuadhimisha miaka 60 mwaka 1937. Mtu aliyelikemea kanisa akawa bango la sherehe za kanisa. Mambo hayo hutokea.

Uongozi wa kanisa uliupenda uamsho kwa mbali kuliko kwa karibu, na mwaka 1941 mambo yakapasuka katika Chuo cha Theolojia cha Askofu Tucker, Mukono. Kundi la wanafunzi likiongozwa na William Nagenda liliamka alfajiri kabisa kuomba na kuwahubiria wenzao, wakiwakemea kwa wizi na uzinzi uliokuwa ukijulikana pale chuoni na kufumbiwa macho. Mkuu wa chuo alipiga marufuku mikutano ya kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Wakaendelea. Nagenda na wanafunzi wengine zaidi ya 20 wakafukuzwa.

Mtu akisoma kisa hiki haraka atawaunga mkono vijana moja kwa moja. Mimi siwezi kabisa. Fikiria umelala saa kumi usiku, na mwenzako anasimama karibu na kitanda chako anakutangazia dhambi zako, ambazo wewe hujaziungama wala hujaulizwa. Kuungama ya kwako ni kitu kimoja. Kumwungamia mwingine ya kwake ni kitu kingine, na walokole wa kizazi kile hawakuutambua mpaka huo kila mara. Lakini walichofanya baada ya kufukuzwa ndicho kinachowapa heshima. Watu wote walitarajia waanzishe kanisa lao. Hawakuanzisha. Nagenda hakupewa upadri maisha yake yote. Alibaki mlei, akahubiri toka Afrika Mashariki mpaka Ulaya, na Jumapili aliketi katika kanisa lile lile lililomkataa. Walisema hutembei nuruni peke yako, na kwamba ukijitenga na ndugu anayekuudhi umejipunguzia mtu wa kukuambia ukweli.

Mwaka huo huo wa 1941, kule Rukungiri, kulikuwa na mwalimu kijana aitwaye Festo Kivengere ambaye hakutaka kusikia habari hizi. Alikuwa amelelewa misheni, akasoma, na kusoma kwake kukamfikisha mahali ambapo Mungu alionekana hana ulazima. Akakaa na shaka yake, akawa mnywaji. Nyumbani alizungukwa na jamaa waliookoka wakimwombea, kero ambayo kila mtu aliyewahi kuwa na shaka ndani ya familia ya waombaji ataielewa. Siku moja kanisani binti mdogo wa nduguye alisimama na kusema kwamba Mungu amewahakikishia Festo atarudi. Festo alitoka na hasira akaenda kunywa. Kwa masimulizi yake mwenyewe, jioni alipokuwa akirudi alikutana na rafiki yake wa kunywa naye, mwalimu mwenzake, anakuja mbio juu ya baiskeli. Rafiki akashuka, akamwambia Yesu amekuwa hai kwake saa chache zilizopita. Kisha akamwomba Festo msamaha kwa mambo matatu, akayataja moja baada ya moja.

Rafiki yule hakutoa hoja yoyote kuhusu kuwepo kwa Mungu. Kivengere angeweza kuzijibu hoja, alikuwa na vitabu. Hakuweza kuyajibu mambo matatu ya kweli aliyotajiwa barabarani na mtu anayemjua. Usiku ule akapiga magoti. Baadaye alipanda baiskeli, akaenda umbali wa maili 50 kwa Mzungu mmoja mmisionari aliyekuwa akimchukia, akamwambia kwamba alimchukia na sasa anampenda. Mzungu akalia.

Hapa ndipo ninapouona upungufu mmoja wa uamsho. Kwa dhambi, ndugu walikuwa na lugha pana na yenye maelezo ya kina. Kwa shaka, lugha yao ilikuwa finyu. Mtu aliyesema haelewi kwa nini mtoto wake alikufa wakati kijiji kizima kilikuwa kikiomba, au kwamba anasoma Biblia na hasikii kitu, mara nyingi aliulizwa ni dhambi gani ameificha. Wakati mwingine swali lilikuwa halali. Wakati mwingine lilimfunza mtu kusema uongo, katika mahali pale pale palipojengwa ili uongo uishe. Kivengere mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameishi upande wa pili, alihubiri maisha yake yote kwa upole ambao wahubiri wengi wa uamsho hawakuwa nao.

Uamsho ulifika Tanganyika kwa njia ya kawaida: ndugu walisafiri, wakashuhudia, wakalala kwa watu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kundi kutoka Rwanda na Uganda lilifika chuo cha ualimu cha Katoke, magharibi ya Ziwa Victoria, na kutoka huko habari zikaenea Karagwe na Buhaya, mpaka kwa Walutheri. Baadaye Kivengere mwenyewe alihamia Dodoma kama mwalimu wa shule, akakaa zaidi ya miaka kumi. Buhaya uamsho ulikuta jamii iliyojua undugu wa kuchanjiana: watu wawili wasio wa ukoo mmoja waligawana punje za kahawa zilizotiwa damu yao, na tangu hapo kumsaliti mwenzio kulikuwa balaa. Kwa watu hao, wimbo kuhusu damu ya Yesu haukuhitaji maelezo marefu. Ndugu waliposhughulikia posa za vijana wao, wakazikana wao kwa wao, wakahukumu ugomvi wao, walikuwa wanafanya kazi zote za ukoo.

Josiah Kibira, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1925, alitoka katika uamsho huo. Kisha alifanya jambo ambalo wenzake wengi walilitilia wasiwasi: alikwenda kusoma Ujerumani na Marekani, akarudi na maswali. Kitabu chake cha mwaka 1974 kinauchunguza ushirika wa ndugu na ukoo wa Kihaya kwa pamoja, kikiuliza kanisa linaweza kujifunza nini kwa vyote viwili. Anausifu ushirika, na haufichi upungufu wake wa kuwa mgumu na mwepesi wa kuhukumu. Mlokole huyu aliyejifunza kuutilia mashaka uamsho wake bila kuuacha akawa askofu mwaka 1964, na kuanzia 1977 mpaka 1984 akawa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni, Mwafrika wa kwanza.

Kenya, ambako uamsho ulikuwa umefika pia, ilikuwa na mtihani wake. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, nchi ya Wakikuyu iligawanyika katika pande mbili, na ndugu wa uamsho walikataa zote mbili. Walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Walikataa pia bunduki za serikali na kazi ya ulinzi wa vijiji. Wapo waliouawa kwa hilo. Wapo waliopigwa na upande mmoja usiku na kushukiwa na upande wa pili asubuhi. Ushujaa huo ni wa kweli. Ni kweli vilevile kwamba wengi wao hawakuwa na la kusema juu ya ardhi iliyochukuliwa, ambayo ndiyo ilikuwa ikipiganiwa. Obadiah Kariuki, mmoja wa viongozi wao aliyekuja kuwa askofu, alikuwa shemeji wa Jomo Kenyatta, kwani wote wawili walioa mabinti wa Chifu Koinange. Mgawanyiko ule ulipita katikati ya meza za familia.

Ngũgĩ wa Thiong'o alizijua nyumba za namna hiyo. Katika A Grain of Wheat, riwaya yake ya mwaka 1967, kijiji kizima kinamngoja Mugo ahutubie siku ya Uhuru kama shujaa, naye anasimama na kukiri kwamba ndiye aliyemsaliti mpiganaji waliyekusanyika kumkumbuka. Riwaya si ya kilokole hata kidogo. Lakini tendo lile la kusimama mbele ya watu na kusema jambo lenye jina lilikuwa limekwisha kujulikana vijijini kwa miaka zaidi ya ishirini.

Kadiri miaka ilivyopita, kuungama kukazoeleka. Kijana alijifunza mpangilio wa ushuhuda kama anavyojifunza sala: nilikuwa mlevi, nikakutana na Yesu, sasa natembea nuruni. Mlevi wa kweli na kijana aliyeonja pombe mara moja walitumia maneno yale yale. Nchini Kenya, mwaka 1957 na 1958, sehemu ya waumini wa Kijaluo chini ya Matthew Ajuoga ilijitenga na Kanisa la Anglikana, wakijiita watu wa upendo, kwa sababu waliona watu wa uamsho wamejifanya mahakama. Uganda, miaka ya 1960 na 1970, kundi la Yona Mondo lilisema ndugu wamelala tena, likaweka masharti, hasa la kutokuwa na deni lolote. Uamsho ulioanza kwa kulipa madeni ukagawanyika kwa ajili ya sheria juu ya madeni. Siku hizi ushuhuda husemwa mbele ya maikrofoni, uwanjani, na watu wasiomjua msemaji wanapiga makofi. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kumwuliza ng'ombe yuko wapi.

Kivengere alirudi Uganda, akawa askofu wa Kigezi mwaka 1972, wakati Idi Amin akiwa madarakani. Tarehe 10 Februari 1973 aliingia katika uwanja wa Kabale kuwaombea watu watatu waliokuwa wakipelekwa kupigwa risasi hadharani. Miaka minne baadaye, tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum, naye mtoto wa uamsho, aliuawa. Kivengere na mkewe wakakimbilia Rwanda, wakivuka milima kwa miguu usiku. Ijumaa Kuu ya mwaka ule, akiwa ibadani katika kanisa la All Souls mjini London, aligundua kwamba anamchukia Amin, na kwamba chuki hiyo inamla. Alifanya kama alivyofunzwa: akaitaja. Kitabu alichoandika mwaka huo kinatangaza kwenye jina lake kwamba anampenda Idi Amin, na Waganda wengi wakimbizi hawakumsamehe kwa kichwa hicho. Nawaelewa. Yeye hakusema Amin hana kosa. Alisema chuki ni ya kwake, na ndiyo aliyokuwa na mamlaka ya kuiungama.

Imebaki Rwanda, na kila anayeandika habari hizi lazima aifikie. Mwaka ule ule wa 1933 ndugu waliposimama Gahini kutaja dhambi zao, serikali ya Wabelgiji ilianza kuhesabu watu na kuwaandika, huyu Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa, na baadaye kila mtu akapewa kitambulisho chenye neno hilo. Katika maungamo ya wakati ule watu walitaja wizi, uzinzi, pombe, uchawi, hasira, hata dharau ya mtu kwa mtu. Daftari la karani halikutajwa. Halikuonekana kuwa dhambi, kwa sababu hakuna mtu mmoja aliyelitenda. Ushirika uliwafundisha watu kuuona uovu uliomo mkononi mwa mtu, na ukawaacha bila macho ya kuuona ule uliomo katika utaratibu wa nchi.

Januari 1964, wakati wa mauaji ya kulipiza kisasi dhidi ya Watutsi, askari walimchukua Kasisi Yona Kanamuzeyi huko Nyamata, mtu aliyekuwa akiwahudumia Watutsi waliohamishwa makwao. Mwenzake aliyenusurika alisimulia kwamba alisali kwa ajili ya wauaji wake kabla ya kupigwa risasi. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, makanisa ya Nyamata na kwingineko yalijaa maiti, na waliobatizwa waliwaua waliobatizwa. Walikuwepo ndugu waliowaficha majirani na wakafa nao. Walikuwepo wengine walioimba Tukutendereza miaka mingi, wakanyamaza.

Kuanzia 2002 hadi 2012 nchi hiyo iliendesha mahakama za gacaca, zaidi ya 12,000, majirani wakiwa wameketi kwenye nyasi. Kuungama kukawa sehemu ya sheria. Aliyekiri alipunguziwa adhabu, na kwa sababu hiyo hakuna aliyejua kwa hakika nani anasema kweli na nani anahesabu miaka ya kifungo. Lakini waliotunga sheria waliweka sharti ambalo mzee yeyote wa ushirika angelitambua. Kukiri kwa jumla hakukukubaliwa. Mtu alipaswa kutaja aliyemuua, wenzake aliokuwa nao, na mahali mabaki yalipo. Wajane wengi walisema wazi kwamba machozi ya muuaji hayakuwa na maana kwao, wala neno lake la samahani. Walikwenda na majembe hadi pale alipoonyesha, na kama hapakuwa na kitu, walirudi wiki iliyofuata wakasimama wakasema huyu bado anadanganya.